Somo Lililoshindwa Kabla ya Kufundishwa

Kwa miaka kumi na minane sikuwahi kufundisha somo likashindwa. Ushahidi ninao, umejaa sanduku la bati chini ya kitanda changu: madaftari ya rekodi ya kazi, moja kwa kila muhula, na katika kila ukurasa safu ya mwisho imeandikwa "Maoni". Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kusema somo lilikwendaje. Mimi nilisema, kwa kalamu ya buluu na mwandiko wa kupendeza, "Somo limeeleweka." Siku nyuki walipoingia darasani tukakimbilia uwanjani sote, mimi nikiwa wa kwanza, somo lilieleweka. Siku za kuvuna ndengu, nilipobaki na watoto wanne na mmoja wao amelala, lilieleweka pia.

Msinione mwongo kuliko wenzangu. Ada yetu walimu ilikuwa hiyo. Ijumaa, chai ikishanywewa, kila mtu alifungua daftari lake akajaza maoni ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, huku tukizungumza habari za mazishi na harusi. Mimi nilikuwa na bidii zaidi. Nilijaza Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, ili wiki isinisumbue. Mkaguzi akija, hakuja kuuliza kama ni kweli. Alikuja kutafuta nafasi tupu, na kwangu hakuipata hata moja.

Miaka kumi na mmoja ya kwanza nilifundisha Gachoka, nyumbani, nikiwa mwalimu wa kuajiriwa na wazazi. Kisha nikapata kazi katika shule ya kibinafsi kule Meru, mtaa wa Kaaga, ambako ukirusha jiwe bila kutazama litaangukia shule. Nikafundisha hapo kwa amani hadi mwaka mkurugenzi wetu alipoamka asubuhi moja akaamua tuwe shule ya kimataifa.

Kuwa shule ya kimataifa kulianza na lango. Lilipakwa rangi. Kisha darasa la tano likaitwa Mwaka wa Tano, watoto wakavishwa tai, na githeri ya Alhamisi, mahindi na maharagwe, ikaondolewa ikaletwa tambi, ambazo watoto wa wauza miraa na madaktari wa Meru walizitazama kwa huruma wakauliza githeri ilikosa nini. Sisi walimu tulibaki walewale. Mkurugenzi aliliona hilo, likamkera. Akatuita, akatuambia kuna programu ya ng'ambo inayofunza walimu na kuwapa cheti, na kwamba atatulipia sote kumi na wawili.

"Lakini nawaambia mapema," akasema. "Mwenye hana cheti shule ikifungwa Novemba, Januari asinitafute."

Niliogopa, na sioni haya kusema. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na cheti cha ualimu cha zamani kilichokunjwa mara nne. Shule nyingine ingenichukua ya nini? Na zaidi ya hayo, mama yangu huko Gachoka alikuwa ameshaambia kanisa lote kwamba binti yake sasa ni mwalimu wa kimataifa. Waumini wengine walikuwa wameanza kuniomba niwaombee visa. Kurudi nyumbani bila kazi kungekuwa msiba wa mtaa mzima.

Warsha ilifanyika katika hoteli moja mjini Embu, siku tatu za likizo ya Agosti. Mwalimu wa Kenya huipima warsha kwa mambo mawili: samosa ina nyama ama ni viazi vitupu, na saa kumi ya kufunga ikifika, je, ni saa kumi kweli. Samosa ilikuwa na nyama. Kwa hivyo tuliingia ukumbini tukiwa na nia njema.

Mwezeshaji wetu alikuwa mwanamke kijana wa miwani, mzaliwa wa Embu hapohapo, aliyesoma na kufundisha ng'ambo akarudi na viatu vya raba na subira nyingi. Alitusihi tumwite kwa jina lake la kwanza. Hakuna aliyeweza. Mtu akishika kalamu akasimama mbele ya ubao, kwetu huyo ni madam, hata awe na umri wa mtoto wako wa mwisho. Akaturushia bonge la uzi wa sufu, kila anayelidaka ashike uzi aseme jambo analojivunia kisha amrushie mwenzake. Mwalimu wa sayansi, mzee wa Kimeru niliyekuwa nikishiriki naye meza kule Kaaga, na aliyebakisha mwaka mmoja astaafu, alinaswa na uzi kwenye kifungo cha koti ikabidi ukatwe kwa mkasi. Ukutani palibandikwa karatasi iliyoitwa Maegesho, ambapo maswali magumu yalikuwa yakiegeshwa hadi yapatiwe wakati. Kufikia siku ya tatu yalikuwa yamejaa, na hakuna hata moja lililoondoka.

Siku hiyo ya tatu ndipo alipotuambia kazi yenyewe. Kila mwalimu angeandika tafakari kumi muhula unaofuata, moja baada ya kila somo analolichagua. Kisha yeye mwenyewe angekuja kumtazama kila mwalimu darasani mara moja. Tafakari, akatueleza, si kusema somo lilieleweka. Anataka kujua ni nini hakikufaulu.

Ukumbi mzima uliinamia madaftari kama kanisa wakati wa matangazo ya mchango.

"Mficha uchi hazai," akaongeza, akitabasamu. Methali tulizijua, tena sisi ndio tuliozifundisha. Lakini hatukuwa tumewahi kuombwa tuzitumie.

Mwalimu wa sayansi akainua mkono. "Madam, hii maneno ya kufeli, itafika kwa ofisi ama itabaki hapa kwetu?"

"Itabaki kwa programu, mwalimu. Hakuna mtu atafutwa juu ya kusema ukweli."

"Sawa," akasema mzee, akaketi, na uso wake ulionyesha kwamba neno hilo amelisikia mara nyingi katika maisha yake na halijawahi kumfaa.

Tukarudi Kaaga, shule zikafunguliwa, na chumba cha walimu kikageuka soko la kushindwa. Watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa na somo baya hata moja sasa walihitaji kumi kila mmoja. Walihangaika. Mwalimu wa Kiingereza aliandika kwamba alishindwa kwa sababu anawapenda watoto kupita kiasi. Mwalimu wa muziki aliandika kuwa kinanda kilishindwa, yeye hapana. Mwalimu wa sayansi alikaa na karatasi tupu wiki nzima, kisha akanisogelea wakati wa chai.

"Madam, wewe umefeli nini hii wiki? Nisaidie na moja, nimekwama."

Nilimsaidia, kwa sababu mimi nilikuwa nazo za kutosha. Nilikuwa nimeketi Jumapili moja baada ya ibada nikaziandika zote kumi, za muhula mzima, nikazipanga kwenye faili kwa tarehe. Mtu hubadilisha shule, habadilishi mkono. Kama niliweza kujua Jumatatu kwamba somo la Ijumaa litaeleweka, ningeshindwaje kujua Septemba kwamba somo la Oktoba halitaeleweka? Na nikagundua nina kipaji. Kushindwa kuzuri hakupaswi kuwa kukubwa. Unataja vifaa havikutosha, unataja watoto wawili watatu walionyamaza, unatubu kidogo, unaahidi kwamba wiki ijayo utawapa nafasi. Mzee alichukua namba nne yangu, akaondoa sehemu za hesabu akaweka mizizi ya mimea, akasema namwokoa.

Namba saba ndiyo niliyoipenda zaidi. Ilikuwa ya somo la sehemu, Jumanne ya wiki ya sita. Niliandika kwamba wanafunzi wengi hawakuelewa kwa nini moja ya tatu ni kubwa kuliko moja ya nne, kwamba vikundi vilipiga kelele, na kwamba mtoto mmoja alilia. Nimejifunza, nikaandika, kwamba nilikwenda kasi mno. Huyo mtoto wa kulia nilijivunia sana. Aliitia tafakari uhai.

Mwezeshaji alipiga simu Jumatatu kusema kesho yake atakuja kunitazama. Nilijiandaa kwelikweli. Niliamka mapema nikapika chapati kumi na mbili, nyingine nikazikata vipande vitatu, nyingine vinne, nyingine nikaziacha nzima. Nilibandika picha ukutani. Nilivaa suti yangu ya harusi za watu. Alipofika akaniomba faili, nikampa kwa mikono miwili kwa furaha, akaenda kuketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa kidevu.

Niliandika kichwa cha somo ubaoni. Nilipogeuka, nikaona kidole chake kimesimama katikati ya ukurasa. Alisoma. Akatazama kalenda ya ukutani. Akasoma tena. Akanitazama mimi, akatazama chapati, kisha akalifunga faili akaliweka mapajani na kusubiri kwa adabu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba leo ni Jumanne ya wiki ya sita.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kama yangu itaishia mbele ya watoto ishirini na wanne wenye tai. Nikaona kazi inaondoka, nikaona mama yangu akitoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Na katika hofu hiyo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia likifanywa na mwalimu yeyote: nikaanza kuliua somo langu kwa mikono yangu, ili lifanane na faili.

Kwanza nilikwenda kasi. Watoto wakaenda nami. Niliruka hatua mbili, wakazijaza wenyewe. Nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kwamba moja ya nne ni kubwa kuliko moja ya tatu, nikasubiri waichukue. Mikono kumi na mitano ikapaa.

"Ticha, hapo umekosea," akasema msichana mmoja wa dawati la mbele. "Watu wanne wakigawana chapati, kila mtu anapata kidogo. Sisi kwetu tuko wanne, mimi najua."

"Una hakika?" nikamuuliza kwa sauti ya kutisha.

"Hakika kabisa, Ticha."

Darasa likacheka, na likaelewa lote, hata wale ambao kwa kawaida huelewa Ijumaa. Nikawagawa katika vikundi nikitumaini kelele. Walinong'ona, maana niliwaambia kundi litakalomaliza kwanza litakula vifaa vya somo. Nikabakiwa na mtoto wa kulia. Kulikuwa na mvulana mmoja anayejulikana shule nzima kwa machozi, aliyewahi kulia kwa sababu mvua ilikatika. Nikamsimamisha, nikamuuliza swali gumu kuliko yote niliyokuwa nayo, huku nimekunja uso. Akalijibu. Kisha, bila kuombwa, akaeleza na moja ya tano. Hakuna aliyelia darasani, ingawa mimi nilikaribia.

Lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha. Kengele ilipolia watoto walitoka wakila moja ya tatu zao, na mwezeshaji akaniomba twende kwenye chumba cha vitabu. Tukaketi. Akafungua faili.

"Madam, hii namba saba uliandika lini?"

"Ni ya leo."

"Leo saa ngapi?"

Nilitazama mikono yangu. "Jumapili," nikasema. "Si hii imepita. Ile ya kufungua shule."

Akafunua ukurasa. "Na hii namba nane?"

"Hiyo ni ya Alhamisi."

"Alhamisi kutakuwa na shida gani?"

"Vikundi vitapiga kelele."

Akacheka. Alicheka hadi akavua miwani akajifuta machozi, nami nikacheka kidogo kumsindikiza, nikidhani nimepona. Kisha akaacha kucheka. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya tafakari zote kumi, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Hizi siwezi kuhesabu hata moja," akasema. "Lakini darasa lako nimeliona, na wewe ni mwalimu. Kwa hivyo niandikie moja tu. Lakini iwe kitu ilitokea. Andika na lugha yoyote unataka, hata Kimbeere ya kwenu. Nataka Ijumaa."

"Na nisipoandika?"

"Nitasema hukukamilisha, na cheti haitatoka. Sina njia ingine, madam."

Nilikasirika. Nilitoka pale nikimsema kimoyomoyo, mtoto mdogo huyu aliyekwenda ng'ambo akarudi kunifundisha kutubu. Nani alimwambia kwamba mimi sijui nilichoshindwa? Nilijua sana. Nilikuwa na kimoja, na nilikuwa nimekikalia tangu Gachoka. Alhamisi, watoto wakiwa michezoni, nikaketi darasani peke yangu nikakiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, na sentensi ya kwanza ilikuwa hii: nilikuwa na mwanafunzi asiyejua kusoma, na nilijua kwamba hajui.

Alikuwa msichana wa Mbeere, mpole, safi, wa dawati la mbele. Nilimfundisha miaka mitatu mfululizo, darasa la tatu hadi la tano. Mwandiko wake ulishinda wa watoto wote, na wa mwalimu mkuu juu yake. Chochote nilichoandika ubaoni alikinakili bila kosa, hadi nukta. Nilipitisha kalamu nyekundu nikaweka vema, vema, vema. Ilinichukua muda kutambua kwamba nikifuta ubao, huo mkono mzuri hauna la kufanya. Alikuwa anachora. Nikajiambia nitamshughulikia muhula ujao, nao muhula ujao ukaja na watoto sitini na wengine wapya wanane. Kisha siku moja mkaguzi akaingia. Akachukua daftari la msichana huyo kwa sababu ndilo lililopendeza, akamwambia asimame asome alichoandika mwenyewe. Msichana akasimama. Akalishika daftari. Akanyamaza, na alinyamaza kwa muda mrefu, akinitazama mimi. Nami nikamwambia aketi, nikamwita mwingine asome. Safu yangu ya siku hiyo nilikuwa nimeshaijaza tangu Jumatatu. Mwaka wake wa saba shuleni aliacha masomo, na sikuuliza kwa nini, kwani nilikuwa najua.

Ijumaa mwezeshaji alisoma karatasi hiyo akiwa amesimama mlangoni, kisha akaketi akairudia. Hakucheka hata kidogo.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii inatosha kumi." Nikaanza kukusanya vitabu vyangu. "Sasa imebaki kitu moja tu. Hadithi ikiwa ya mwanafunzi, lazima kuwe na ruhusa. Mzazi anaweka sahihi, ama mwenyewe kama ni mtu mzima. Huyu ako wapi?"

Akanipa fomu, kurasa mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Bila sahihi hiyo, cheti kisingetolewa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu shule ifungwe.

Huyu alikuwa Gachoka, nyuma ya soko, ana mume na mtoto mmoja, anauza ndengu. Kila Krismasi alinisalimu kwa mikono miwili na kuwaambia waliokuwa karibu kwamba mimi ndiye mwalimu wake. Nilimweleza mwalimu wa sayansi shida yangu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni wa ualimu.

"Weka sahihi wewe mwenyewe," akasema. "Nani atajua?"

Sitajifanya mtakatifu. Nilijaribu. Nilichukua karatasi ya pembeni nikaandika jina lake mara tano, mara kumi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu na sikuweza kuuiga. Kwa hivyo nikaenda Gachoka.

Nilimkuta Jumamosi saa nne asubuhi nyuma ya nyumba yake, ametandaza turubai, anapiga ndengu kwa fimbo. Akaniacha nimsalimu mara moja tu, kisha akaanza yeye: habari za mama, za Meru, za hao watoto wa Kizungu. Akamwita jirani juu ya ua amwambie huyu ndiye aliyemfundisha. Akaleta chai. Tulizungumza Kimbeere, naye alikuwa mchangamfu kuliko mimi. Nilipotoa fomu nikasema inahitaji sahihi, alifuta mikono kwenye leso na kunyoosha mkono apokee kalamu. Hakuuliza ni ya nini. Angeweka sahihi hata kama ningekuwa namuuzia shamba lake mwenyewe.

Nikamwambia hapana, ngoja kwanza nikusomee niliyoandika. Nikaanza, nikigeuza Kiswahili kuwa Kimbeere. Sikupita sentensi ya kwanza.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la nne. Labda kabla."

Akaiweka fimbo chini. "Mimi nilifikiri ninakuficha," akasema. "Nilikuwa ninakaa mbele uone ninaandika. Nilikuwa naogopa ukijua utahuzunika, kwa vile ulikuwa unanipenda. Nikifika nyumbani nilikuwa namwambia mama, mwalimu bado hajajua."

Nimewahi kukemewa na wakuu wa shule wanne na mkurugenzi mmoja, na hakuna aliyewahi kuniumiza hivyo.

"Na nisipoweka sahihi?" akauliza baadaye.

"Nitakosa cheti. Nikikosa cheti nitakosa kazi, nirudi huku."

Alifikiri. Akaichukua fomu, akaigeuza upande huu na huu, akaiweka juu ya karatasi yangu, akaipima unene kwa vidole. "Nimeandika vitu vingi nisivyovijua," akasema. "Hii sitaandika. Nitaweka sahihi siku nitakayoisoma mimi mwenyewe, yote, na wewe umenyamaza."

"Zimebaki wiki tatu tu."

"Basi usikae sana kwa chai."

Nikavua viatu nikaketi kwenye turubai. Nilikwenda kila Jumamosi na kila Jumapili, na mtu asiniambie habari za mbinu za kisasa, kwani tulitumia ndengu na fimbo. Alishika haraka kuliko nilivyostahili. Mkono wake ulizijua herufi zote tangu zamani. Ilibaki jicho kuambiwa zinasemaje. Lakini wiki tatu ni wiki tatu. Shule ilifungwa akiwa mstari wa nne wa fomu. Nilimweleza mkurugenzi, naye, lazima nimsifu, ni mtu wa kutimiza neno. Mwaka wa Tano ulipewa kijana mwenye cheti. Mwezeshaji alisema jina langu litabaki wazi kwenye programu hadi sahihi ifike, hata ikichukua mwaka. Mama yangu aliambia kanisa kwamba niko nyumbani kwa utafiti.

Ikawa Januari, kisha Februari. Fomu aliimaliza, kila kifungu, akiuliza maana ya maneno ambayo hata mimi sikuyajua. Jumamosi iliyofuata akaanza karatasi yangu. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikitambaa chini ya maneno, nami nimenyamaza kama tulivyokubaliana. Akapita darasa la tatu. Akapita mwandiko na kalamu nyekundu. Akamfikia mkaguzi, akafika pale niliposema nilimwambia aketi, na hapo kidole kikasimama.

Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hapa umeandika 'nilimwambia kwa upole aketi,'" akasema.

"Ndiyo."

"Haikuwa kwa upole."

Nilichukua kalamu nikayakata maneno hayo mawili. Akasubiri nimalize, akaweka kidole kwenye neno lililofuata, akaendelea kusoma.